Kugeuza Vitabu kwa Ajili ya Kindle, na Tanbihi Nilizozifuta

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wahariri wa jarida letu wameniomba nieleze jinsi ya kugeuza faili za vitabu ili zisomeke kwenye Kindle na vifaa vya aina yake. Wameniomba mimi kwa sababu tangu muhula uliopita chumba changu kimekuwa karakana. Baada ya isha mtu anabisha hodi na laptopu kwapani: "Ustadh, nimepakua kitabu lakini hakifunguki." Mwingine: "Kinafunguka, lakini herufi zimekuwa viboksi." Nimekubali kuandika, ila nitachanganya maelekezo na habari ya kosa nililolifanya Ramadhani iliyopita nyumbani kwetu Koboko. Kosa lenyewe halimo katika maelekezo ya programu yoyote, na wengi wenu mko njiani kulifanya.

Kwanza kwa nini mtu ahangaike na kifaa cha kusomea vitabu wakati simu anayo mfukoni. Wenyeji wa West Nile hamhitaji kuelezwa habari ya umeme wetu. Kwa miaka mingi mkoa huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta, kisha mtambo wa maji wa Nyagak wa megawati 3.5. Kioo cha Kindle ni cha wino wa umeme: kinatumia nguvu pale tu ukurasa unapogeuzwa, na ukurasa ukishatulia hakili kitu. Naichaji Arua siku ya Alhamisi, naingia taksi ya Koboko kupitia Maracha, nasoma likizo ya wiki mbili na bado betri inacheka. Simu kwa nusu siku imezima, na kabla haijazima imekuletea ujumbe arobaini wa WhatsApp katikati ya mlango wa twahara. Kindle yangu niliinunua ya mkono wa pili hapa mjini, kona moja imekwaruzika. Inanitosha.

Sasa faili. Vitabu vingi tunavyogawiana ni PDF. Muundo huu ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na lengo lake ni ukurasa ubaki vile vile kila mahali, kwenye kompyuta na kwenye karatasi. Hilo ni jambo jema kwa printa na balaa kwa kioo cha inchi sita, kwa sababu ukurasa mkubwa unabanwa hadi herufi zinakuwa kama chungu weusi. EPUB ni kinyume chake. Ni kifurushi kilichofungwa, na ndani mna maandishi yaliyopangwa kwa lugha ile ile ya kurasa za intaneti. Ukikuza herufi, maneno yanajipanga upya yenyewe. MOBI ilitoka kwa kampuni ya Ufaransa, Mobipocket, ambayo Amazon waliinunua mwaka 2005, miaka miwili kabla ya Kindle ya kwanza kutoka. Ndiyo maana Kindle zilianza na muundo huo. MOBI ya zamani haikutengenezwa kwa maandishi yanayoanzia kulia, kwa hiyo kwa Kiarabu iacheni kabisa. Mwaka 2011 Amazon wakaleta muundo bora zaidi, na faili zake tunazijua kwa jina la AZW3. Tangu mwaka 2022 huduma yao ya kutuma vitabu kwa intaneti inapokea EPUB pia, lakini ukinakili EPUB kwa waya wa USB moja kwa moja, Kindle haitaiona. Kwa hiyo kumbuka haya mawili: Kindle kwa waya ni AZW3; Kobo na vifaa vingine vingi ni EPUB.

Kazi ya kugeuza hufanywa na Calibre. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Kovid Goyal, kijana wa Kihindi aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia Marekani. Alikuwa na kifaa cha Sony cha kusomea vitabu ambacho hakikuelewana na kompyuta yake ya Linux, akaamua kujiandikia programu. Faili ya kuisakinisha ni kubwa. Usimalize bando lako, njoo na flashi.

Ukishaisakinisha, mambo ya msingi ni mepesi. Bonyeza herufi A, chagua kitabu, kitaingia kwenye orodha. Bonyeza E, sahihisha jina la kitabu na la mwandishi, maana faili zetu nyingi zina majina kama "kitabu mpya 2 mwisho kabisa". Bonyeza C, dirisha la kugeuza linafunguka. Juu kulia unachagua muundo unaoutaka, chini unakubali. Unganisha kifaa kwa waya, bonyeza D, kitabu kimehamia. Kwa kitabu cha Kiswahili kilichochapwa vizuri hiyo ndiyo kazi yote. Herufi zetu za Kilatini hazina vikorombwezo na programu inazimeza bila shida.

Matatizo yanaanza kwenye Kiarabu, yaani kwenye vitabu vyetu hasa.

Kabla ya chochote, jua PDF yako ni ya aina gani. Ifungue, jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikubali kuchaguliwa, faili ina maandishi. Likikataa, ulichonacho ni picha za kurasa, na vitabu vingi vya turathi vinavyozunguka ni hivyo: mtu alikalisha kitabu kwenye mashine akapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Picha haigeuki kuwa maandishi kwa kubonyeza C. Utapata kitabu kitupu, au utapata picha zile zile katika kifurushi kipya. Kwa faili za namna hiyo iko programu nyingine ya bure inayoitwa k2pdfopt, inayokata picha ya ukurasa neno kwa neno na kuyapanga upya yalingane na kioo kidogo. Ina chaguo la maandishi ya kulia kwenda kushoto. Usipoliwasha, maneno yatapangwa kinyumenyume.

PDF yenye maandishi ya Kiarabu nayo ina hila yake, na hii naomba muisome mara mbili. Mara nyingi wachapaji huhifadhi lamu-alifu kama umbo moja. Faili inapogeuzwa, umbo hilo linavunjwa vipande viwili, na mara nyingi vipande vinatoka vimebadilishana nafasi: alifu mbele, lamu nyuma. Neno "al-Islam" linatoka na alifu mbili mwanzoni na lamu mbili zilizokosa mahali pake. Hilo utaliona na kucheka. Lakini fikiria neno "la", la kukanusha. Lamu na alifu zikibadilishana nafasi linasomeka "al". Ukanusho umeondoka, na hakuna wekundu wala alama yoyote ya kukuonya. Katika faili moja niliyoigeuza mwaka wa kwanza, shahada yenyewe, tamko la kwanza la dini yetu, ilitoka imevunjika namna hiyo, na mimi nilikuwa nimeshawatumia wenzangu sita. Kwa hiyo kila unapogeuza PDF ya Kiarabu, jambo la kwanza ni kutafuta shahada ndani ya kitabu kipya. Ikiwa imevunjika, itupe faili yote, usijaribu kuitengeneza. Tafuta nakala iliyochapwa kwa mkono. Maktaba ya Shamela ina maelfu ya vitabu vilivyochapwa hivyo, vya bure, na vingi vinaeleza kwamba namba za kurasa zinalingana na kitabu cha karatasi.

Na huko Shamela ndiko nilikoteleza.

Mwezi wa Shaaban niliamua kuingia Ramadhani na Ihya Ulum al-Din ya Imam al-Ghazali kwenye Kindle. Nikapata maandishi safi, lamu-alifu salama, kila kitu mahali pake. Kero ilikuwa moja. Kila mwisho wa ukurasa wa asili palikuwa na mstari wa vistari virefu, chini yake tanbihi, kisha namba ya ukurasa, kisha maneno ya al-Ghazali yanaendelea. Kwenye kifaa kidogo, ambako kurasa za asili hazipo tena, tanbihi zilikuwa zinamkata Imam katikati ya sentensi. Dirisha la kugeuza la Calibre lina sehemu ya kutafuta na kubadilisha. Unaweza kuandika kanuni moja, nayo ikatembea kitabu kizima. Nikaandika kanuni: tafuta vile vistari, chukua kila kitu kuanzia hapo hadi namba ya ukurasa, futa. Nikabonyeza. Sekunde chache tu, Ihya yote ikawa laini kama uji wa mtama, haina kizuizi mwanzo mpaka mwisho. Nilijipongeza, nikawaonyesha wenzangu, na wawili wakaichukua kwa flashi.

Koboko nilipewa darsa baada ya alasiri katika msikiti wa mtaani kwetu. Darsa zetu pale ni za Kiswahili, kwa kuwa safu moja ina Wakakwa, Wanubi, Walugbara, na ndugu waliovuka kutoka Kongo. Siku ya nne nilizungumzia fadhila za elimu. Nikaisoma kwenye Kindle ile hadithi mashuhuri ya kutafuta elimu hata kama ni China, nikaitafsiri, nikaijengea darsa nzima. Nikasema Mtume (s.a.w.) ameamrisha, nani atakayesema Mbale ni mbali, Kampala ni mbali? Watu wakaitikia. Mlangoni mama mmoja alinisimamisha. Mwanawe wa kike alikuwa amepata nafasi ya kusoma mbali na nyumbani, naye alikuwa anasita kumruhusu. Akaniambia, "Mwanangu, umenitua mzigo. Kama ni neno la Mtume, basi."

Nyuma yake alikuwa amesimama shehe mmoja mtu mzima, jirani wa babu yangu, aliyesoma Sudan ujanani. Alisubiri watu wote waondoke. Hakunisahihisha mbele za watu, Allah amlipe.

"Ustadh, barakallahu fik, darsa nzuri. Ile hadithi ya China umeitoa wapi?"

"Katika Ihya, shehe. Kitabu cha Elimu."

"Vizuri. Na al-Iraqi amesemaje?"

Sikuelewa. Nikafungua Kindle nikamwonyesha ukurasa. Akaweka miwani, akasoma, akasogeza kioo juu chini kwa kidole kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Al-Iraqi hayumo humu."

"Nani, shehe?"

"Anakaa chini ya kila ukurasa. Humu amefukuzwa."

Tukaenda kwake. Akatoa juzuu nne zilizofungwa kwa kitambaa cha kanga, karatasi zimekuwa za rangi ya chai, ncha zimeliwa na wadudu. Vitabu hivyo aliviletea nyumbani kutoka ukimbizini Sudan. Familia nyingi za kwetu, kama mnavyojua, zilivuka mpaka baada ya mwaka 1979. Akafungua mahali pale. Juu maneno ya al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria. Chini, kwa herufi ndogo, maneno ya Hafidh Zaynuddin al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806, ambaye alipitia hadithi za Ihya akaeleza kila moja imepokewa na nani na hali yake ikoje. Kuhusu hadithi ya China aliitaja kwa Ibn Adi na al-Bayhaqi kutoka kwa Anas, akanukuu hukumu ya al-Bayhaqi kwamba maneno yake ni mashuhuri lakini sanadi zake ni dhaifu. Shehe akaniongezea kwamba Ibn al-Jawzi ameiingiza katika kitabu chake cha hadithi za kubuni. (Kipande cha kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu kina habari nyingine, Ibn Majah amekipokea na wanazuoni wana maneno juu yake. Nazungumzia kipande cha China.)

Zile tanbihi zilizonikera, nilizozifuta kwa kanuni ya mstari mmoja, ndizo zilikuwa kazi ya Hafidh mzima. Nyote mnaijua hadithi mutawatiri inayomwonya mwenye kumzulia Mtume (s.a.w.) kwa makusudi. Mimi sikukusudia. Lakini nilikuwa nimepewa alama ya tahadhari nikaing'oa mwenyewe ili nisome bila kusumbuliwa, kisha nikapanda mbele ya watu nikasema "Mtume ameamrisha". Sijui jina la kosa hilo katika fiqhi. Usiku ule sikulala vizuri.

Kurudi Arua nikaanza kusoma upya yale tuliyoyapitia harakaharaka katika ulumul hadith mwaka wa pili, mlango wa kuandika hadithi na kuihifadhi. Tulipofundishwa niliona ni mlango wa watu wa kalamu ya mwanzi, hautuhusu. Sasa naona unatuhusu sisi kuliko wengi. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ameeleza kwa kirefu wajibu wa mukabala, yaani kuilinganisha nakala mpya na asili yake. Imepokewa kwamba Urwa bin Zubair, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, alimwuliza mwanawe Hisham kama ameandika, akajibu ndiyo. Akamwuliza kama amelinganisha, akajibu hapana. Urwa akamwambia kuwa basi hajaandika. Waandishi walikuwa wakitenganisha hadithi na hadithi kwa duara dogo. Al-Khatib al-Baghdadi alipendelea duara liachwe tupu, na kila hadithi inapolinganishwa ndipo nukta itiwe ndani yake. Yaani ukifungua kitabu unajua kwa jicho moja wapi pamehakikiwa na wapi bado.

Na walikuwa na jina kwa makosa ya nukta na maumbo: tas-hifi. Mfano ninaoupenda ni wa Abu Bakr as-Suli, mtu wa adabu na mashairi. Alipoimlisha hadithi ya kufunga siku sita za Shawwal, alisoma "shay'an" badala ya "sittan", hivyo mtu afuatishe Ramadhani kwa "kitu" katika Shawwal. Andika maneno hayo mawili bila nukta uone: meno ya herufi ni yale yale. Msomi mkubwa, karne ya nne, akili timamu, na nukta zikamponyoka. Sembuse kanuni yangu ya mstari mmoja iliyotembea kurasa zaidi ya elfu bila kujua hadithi ni nini.

Anayegeuza faili ananakili kitabu. Basi yanamhusu yale yale ya wanakili. Hivi ndivyo tunavyofanya sasa, mimi na wenzangu watatu.

Faili ya asili haiguswi. Calibre yenyewe inasaidia: ukigeuza EPUB kuwa AZW3, EPUB inabaki; ukigeuza EPUB kuwa EPUB, ile ya kwanza inahifadhiwa kwa jina la asili. Usiifute kwa kutafuta nafasi kwenye diski. Futa filamu.

Tanbihi hazifutwi kamwe. Ile kanuni nimeiandika upya: vile vistari vinageuka mstari mmoja mwembamba, na maneno ya chini yake yanakuwa herufi ndogo zilizosogezwa ndani. Bado yanamkata al-Ghazali, lakini sasa jicho linatambua nani anasema. Namba za kurasa nazo zibaki, ndani ya mabano ya mraba. Hili nililijifunza kwa njia nyingine: kwenye utafiti wangu niliandika marejeo kwa asilimia za Kindle, msimamizi akanirudishia kazi na alama ya kuuliza kubwa pembeni. Alikuwa na haki. Hakuna mtu atakayefungua juzuu ya karatasi kwenye "asilimia 37".

Viboksi vinatokea pale kifaa kinapokosa umbo la herufi. Mara nyingi ni ile alama ya sala na salamu iliyoandikwa kwa umbo moja, au vikorombwezo vya mus-hafu. Pakua fonti ya Amiri, iliyotengenezwa na Khaled Hosny, ya bure. Kwenye dirisha la kugeuza, sehemu ya mwonekano, iamrishe ipachikwe ndani ya kitabu. Ikiwa mistari ya Kiarabu imepangwa kushoto na nukta ya mwisho imehamia mwanzoni, faili haijatamka mwelekeo wake. Hapo unabonyeza T, kihariri kinafunguka, unaweka mwelekeo wa kulia. Ukikwama, njoo chumbani. Kulionyesha ni dakika mbili, kulieleza kwa maandishi ni kurasa mbili.

Aya za Qur'ani zina hukumu yao. Mimi sisomi aya ya kufundishia kutoka kwenye kitabu nilichokigeuza, hata kama naijua kwa moyo. Nafungua mus-hafu. Vikorombwezo vinapotea au kuhamia herufi ya jirani bila kelele, na hapo hakuna nafasi ya "karibu sawa". Hata tarjuma za Kiswahili, iwe ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy au ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, ukizigeuza angalia namba za aya. Nimeona faili ambayo namba imeruka moja mwanzoni mwa sura, na zote zilizofuata zikawa za jirani yake.

Kisha mukabala wenyewe. Jumamosi baada ya alasiri tunakaa wawili wawili. Mmoja ameshika kitabu cha karatasi, au picha za kurasa zake kwenye laptopu, anasoma kwa sauti. Mwingine amefumba mdomo, jicho liko kwenye Kindle. Wakitofautiana wanasimama. Kitabu kizima hakimaliziki hivyo, nakubali, kwa hiyo tuna mpaka: lolote linaloingia kwenye darsa, khutba au utafiti lazima liwe limelinganishwa, kinachosomwa kwa faida ya mtu binafsi tunapima sehemu kumi za hapa na pale, hasa mwanzo wa milango, majedwali ya miradhi, na mahali penye "la" na "illa". Tumerudisha na desturi ya al-Khatib. Mwisho wa kila hadithi faili yetu ina duara tupu, na tukishalinganisha tunalibadilisha kwa duara lenye nukta. Kwenye Kindle linaonekana vizuri.

Jambo la haki nilitaje kwa kifupi, ingawa najua litawaudhi baadhi yenu. Maneno ya al-Ghazali hayana mmiliki. Lakini tahakiki ya mtu aliye hai, aliyekesha miaka akilinganisha maandiko ya kale, ni kazi yake, na tarjuma mpya ni kazi ya mfasiri. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, Desemba 1988, liliazimia kwamba haki za utunzi zinalindwa kisheria na haifai kuzivuka. Uganda nayo ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2006. Kwa hiyo mkiniletea kitabu kilichonunuliwa na mmoja na kufungwa kwa kufuli la muuzaji, mkitaka nikivunje ili kigawiwe darasa zima, jibu langu mnalo. Umaskini wetu ni wa kweli, na mimi pia sina hela. Andikeni kwa wachapishaji. Mmoja wetu aliandika, akapewa kitabu bure.

Ile faili ya uji wa mtama nimeifuta kwenye laptopu yangu na kwa wale wawili. Idd ilipopita nilirudi Koboko, nikaomba tena nafasi baada ya alasiri, nikasema mbele ya jamaa kwamba hadithi niliyoisoma siku ile ni dhaifu, wako waliosema ni ya kubuni, na kwamba nilikosea kuisema kwa mkato. Shehe alikuwa safu ya mbele, hakuinua kichwa. Kisha nikaenda nyumbani kwa yule mama, kwa sababu wanawake siku ile walikuwa wachache na nilihofia habari haitamfikia. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamweleza yote, Kindle, tanbihi, al-Iraqi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Mtume hakusema China?"

"Haijathibiti, mama."

Akapepeta kidogo. "Haya. Ada nimeshalipa, mtoto ameshaenda. Lakini umefanya vizuri kuja kuniambia."

Ihya ina vitabu arobaini. Mpaka Jumamosi iliyopita tulikuwa tumetia nukta duara zote za Kitabu cha Elimu, bado thelathini na tisa. Tuko wanne na tunahitaji wasomaji wa kusikiliza. Anayeweza kusoma Kiarabu kwa sauti inayosikika, baada ya alasiri, mlango wa kusini wa msikiti wa kampasi. Laptopu si lazima.